Matairi ya kirikuu kwa njia za tope: soma ubavu kabla ya kupenda meno

Kirikuu yangu ya kwanza, lile gari dogo la mizigo la Kijapani, niliifunga matairi manne ya mtumba niliyoyapenda kwa macho. Meno yake yalikuwa mapana, na juu ya kila jino kulikuwa na vikato vyembamba vingi kama vilivyochorwa kwa wembe. Muuzaji aliniambia ni matairi ya tope kutoka Japani, na bei ilikuwa chini sana ya mapya. Wiki za mwanzo yalishika vizuri. Kufikia mwezi wa tano, baada ya kupanda na kushuka lami ya Mombo hadi Lushoto na kabichi karibu kila siku, yalikuwa yamelika kama sabuni. Siku nilipoyavua ndipo nikasoma neno lililoandikwa ubavuni kwa herufi kubwa tangu siku ya kwanza: STUDLESS.

Neno hilo maana yake ni tairi la theluji. Mpira wake umetengenezwa uwe laini hata kwenye baridi iliyo chini ya nyuzi 7, ili vile vikato vidogo vishike barafu. Lishushe Mombo, mchana wa Januari, lami ikifuka joto, na gari limebeba magunia: mpira huo hausagiki tu, unalegea na kuyumba chini ya mzigo. Matairi haya yamejaa kwenye maduka yetu ya mtumba kwa sababu magari madogo ya Japani mengi hutoka mikoa yenye theluji, nayo huja nayo. Kwa macho ya mtu anayetafuta tairi la tope, yanafanana kabisa na anachokitaka.

Ndiyo maana mwongozo huu hauanzi na picha za meno. Nazungumzia kirikuu, yaani Suzuki Carry na ndugu zake Daihatsu Hijet, Mitsubishi Minicab na Subaru Sambar: magari yaliyojengwa kwa sheria ya Japani isiyoruhusu injini izidi sentimita za ujazo 660, wala mzigo uzidi kilo 350. Sote tunajua sisi huyabebesha nini. Hata hivyo namba hiyo ya 350 ikae kichwani, maana tutairudia.

Hatua ya kwanza: ikague njia kwa miguu

Usianzie dukani. Anza siku iliyofuata mvua kubwa, pale gari lako linapokwama, ukiwa na fimbo mkononi. Ichome kwenye tope hadi iguse pagumu, kisha pima kwa kiganja. Pagumu pakiwa karibu, tuseme sentimita 10, tairi jembamba lenye meno litakata tope na kushika chini. Tope likizidi sentimita 16 hivi, tumbo la kirikuu litakaa juu ya udongo na magurudumu yataning'inia. Hapo hakuna tairi litakalokusaidia. Tafuta njia nyingine au subiri jua.

Udongo nao hautofautiani kwa rangi tu. Ule mwekundu wa milimani, kama wa Usambara au Uluguru, unateleza juu lakini chini umekaza. Gari halizami, linaserereka kuelekea korongoni. Huko unahitaji tairi lenye kingo kali begani, yaani pale uso wa tairi unapokutana na ubavu, kwa sababu bega ndilo linalong'ang'ania ukingo wa mfereji gari linapoanza kwenda upande.

Udongo mweusi wa mbuga, wa Kwimba na Misungwi kule Usukumani au wa bonde la Usangu kwenye mpunga, una tabia nyingine kabisa. Unanata. Ukizungusha gurudumu mara mbili, nafasi kati ya meno zinajaa, na tairi lako la bei kubwa linageuka kipara. Dawa yake ni nafasi pana kati ya meno, ili tope lirushwe nje gurudumu linapozunguka. Ukichagua tairi kwa ajili ya mbuga, usiangalie ukubwa wa jino. Angalia ukubwa wa pengo. Vidole vyako viwili vikiingia pamoja kati ya jino na jino, hilo litajisafisha.

Mchanga wa pwani, kuanzia Mkuranga kuteremka Rufiji, unataka kinyume cha hayo yote. Meno marefu huchimba, na kwenye mchanga kuchimba ni kujizika. Huko tairi la kawaida lililopunguzwa upepo huelea juu na kupita.

Moramu na mawe haviulizi sana habari za meno. Vinauliza ubavu. Jiwe lililochongoka hupasua ubavu wa tairi, na ubavu uliopasuka hauzibiki kwa fundi yeyote.

Sasa hesabu kilomita za safari yako ya kawaida: lami ngapi, moramu ngapi, tope ngapi. Iandike. Watu wengi wanaoniambia wanahitaji matairi ya tope hugundua kwamba tope lenyewe ni kilomita mbili, na lami ni thelathini.

Hatua ya pili: lipime gari

Fungua mlango wa dereva. Pembeni kuna kibandiko cha Kijapani, na hata usipokisoma, namba zinasomeka: ukubwa wa tairi, na upepo wa mbele na wa nyuma kwa kPa. Kila kPa 100 ni PSI 14.5. Kwa kirikuu nyingi utakuta 145R12, au kwa magari mapya zaidi 145/80R12. Namba ya kwanza ni upana kwa milimita, ya mwisho ni kipenyo cha rimu kwa inchi. Tairi zima lina kimo cha sentimita 54 hivi.

Hapa ndipo vijana wengi hutaka kupanda hadi saizi kubwa, gari liinuke. Fanya hesabu kwanza. Ukitoka kimo cha sentimita 54 hadi 57, gari linainuka sentimita moja na nusu tu, kwa kuwa nusu nyingine ya nyongeza iko juu ya ekseli. Kwa sentimita hiyo moja na nusu, gia zako zote zinakuwa nzito kwa zaidi ya asilimia 5. Injini ya cc 660 inayohangaika kutoka kwenye mita 400 hivi za Mombo hadi 1,400 hivi za Lushoto itakukumbusha jambo hilo kila kona. Spidomita nayo itadanganya: ikisema 80, wewe uko karibu 85. Na unene ukiongezeka, unapoteza faida kubwa ya kirikuu kwenye tope lenye sakafu ngumu, ambayo ni wembamba wa tairi lake. Tairi la milimita 145 linakata kama panga. Pana linaelea juu ya utelezi.

Ushauri wangu, na sibabaiki kuusema: baki na saizi ya kiwandani, fedha uliyotaka kuinulia gari inunulie tairi bora.

Kama ni lazima ubadili, kata usukani hadi mwisho, kulia kisha kushoto, watu wawili wakiwa wamekaa mbele na mzigo ukiwa nyuma. Pitisha vidole kati ya tairi na kila kilicho karibu nalo: plastiki ya ndani, bomba la breki, chesisi. Sentimita mbili ndiyo nafasi ya chini ninayoikubali. Tope likikauka humo ndani, nafasi hiyo inapungua zaidi.

Hatua ya tatu: soma ubavu

Sehemu hii ndiyo itakayokuokolea fedha, kwa hiyo niruhusu nikae hapa kidogo.

Tuseme umekuta maandishi haya: 145/80R12 80/78N LT. Herufi R ina maana nyuzi za ndani zimepita moja kwa moja kutoka ukingo mmoja hadi mwingine, ujenzi unaoitwa radial. Namba 80 inayofuata R12 si kilo 80. Ni alama ya mzigo, na kwenye jedwali la kimataifa 80 ni kilo 450 kwa kila tairi. Ile 78, kilo 425, ni kwa magari yenye matairi mawilimawili nyuma, kwa hiyo iache. N ni mwendo wa juu kabisa, kilomita 140 kwa saa. LT inakuambia ni tairi la gari la mzigo mwepesi.

Matairi ya utaratibu wa zamani yameandikwa 145R12 6PR au 8PR. Hiyo PR ndiyo tunayoiita plai. Zamani ilihesabu tabaka za nyuzi, siku hizi ni kipimo cha nguvu tu. Plai 6 ni sawa na ile 80, kilo 450. Plai 8 huandikwa 86/84, na 86 ni kilo 530.

Sasa angalia mtego. Lipo tairi lingine linaloandikwa 145/80R12 74S. Saizi ni ileile, rimu ni ileile, fundi atalifunga bila swali. Lakini hilo ni la gari dogo la abiria, na 74 ni kilo 375. Ubavu wake ni mwembamba. Nimeona kirikuu ya viazi imefungwa matairi ya namna hiyo nyuma, yamebonyea mpaka maandishi ya ubavuni yanakaribia kugusa ardhi. Ukisoma saizi peke yake utanunua hilo kwa sababu ni rahisi. Soma namba inayofuata.

Mtego wa pili ni tairi la 5.00-12 au 4.50-12. Hilo lina kistari mahali pa R, maana yake nyuzi zimepishana mshazari. Mengi ya saizi hizo ni ya pikipiki za matairi matatu za mizigo, tunazoziita guta au toyo. Meno yake ni makubwa kama ya trekta, na bei inavutia. Yana kimo tofauti, mwendo wake ni mdogo, na yakichanganywa na ya radial kwenye gari moja, gari linageuka kwa tabia mbili, mbele hivi na nyuma vile. Kwenye kona za mlima sitaki kabisa hali hiyo.

Turudi kwenye zile kilo 350. Kirikuu yenye 4WD, yaani inayosukuma kwa magurudumu yote manne, ina uzito wa kilo 700 hivi ikiwa tupu. Weka watu wawili na kilo 350, unafika kama 1,160. Matairi manne ya plai 6 yanabeba 1,800. Salama, na nafasi imebaki. Sasa pakia magunia manane ya lumbesa ya viazi, ambayo kwa makadirio ya chini ni kilo 800. Karibu mzigo wote unaegemea ekseli ya nyuma, na ukijumlisha uzito wa gari lenyewe upande huo unakaribia tani moja au kuipita. Matairi mawili ya plai 6 yanabeba 900. Umeyazidi, nawe bado hujaingia kwenye shimo. Plai 8 yanafikisha 1,060.

Kwa hiyo nanunua plai 8, na nakushauri ufanye hivyo. Lakini elewa inavyofanya kazi. Kinachobeba mzigo ni upepo. Mpira kazi yake ni kuuzuia usitoke. Plai 6 hubeba kilo zake 450 ikiwa na kPa 350, yaani PSI 51. Plai 8 hubeba 530 kwa kPa 450, karibu PSI 65. Ukijaza PSI 30 ndani ya plai 8, haibebi zaidi ya plai 6 yenye upepo huohuo. Umenunua ubavu mgumu tu. Na jambo jingine: tairi halikuongezei breki, wala springi, wala beringi. Zile zimebaki za kilo 350.

Endelea kusoma. Baada ya herufi DOT, tarakimu nne za mwisho ni wiki na mwaka wa kutengenezwa: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Mara nyingi zimepigwa upande mmoja tu, kwa hiyo mwambie muuzaji, "Kaka, naomba nigeuze upande wa pili." Tairi la miaka sita au zaidi silinunui hata likiwa na meno yote, maana mpira huzeeka ukiwa umekaa. Likunje ubavu kwa mikono: ukiona nyufa nyembamba kama za tope lililokauka, lirudishe. Ukikuta tarakimu zimefutwa kwa msasa, ondoka dukani.

Neno STUDLESS, au alama ya mlima wenye vilele vitatu na theluji ndani yake, ni la kukwepa kwenye joto letu. Herufi M+S, yaani tope na theluji, peke yake hazina tatizo. Hizo hupigwa pia kwenye matairi mengi ya njia mbovu.

Mwisho, tazama kama kuna mshale. Meno ya umbo la V hufanya kazi upande mmoja tu, na fundi mwenye haraka huyafunga kinyume. Kinyume, tope linasukumwa kuelekea katikati badala ya kutoka nje.

Hatua ya nne: sasa chagua meno

Kuna aina tatu. La barabarani lina mifereji myembamba ya kunyoosha. La mchanganyiko, linaloandikwa A/T, lina vipande vya wastani na mapengo ya wastani. La tope, M/T, lina meno makubwa yaliyotengana. Katikati ya hizo mbili za mwisho wametia R/T, bega la tope na uso wa mchanganyiko. Kwa saizi ya kirikuu, huko Japani yapo kwa mfano Toyo Open Country R/T na Dunlop Grandtrek TG4, na kila mara nikiona mojawapo kwenye gari lililoshuka bandarini naangalia kwanza tarehe, kisha naanza mazungumzo ya bei.

Rudi kwenye karatasi yako ya kilomita. Lami na moramu ngumu zikizidi nusu, chukua mchanganyiko wenye bega kali. Hili ndilo jibu kwa watu wengi wa milimani, mimi nikiwamo. M/T kamili ni kwa yule anayeishi ndani ya tope kweli: mbebaji wa mpunga mbugani, mchukua mbao shambani. Kwenye lami yenye maji, M/T hushika vibaya kuliko la barabarani, kwa sababu mpira unaogusa ardhi ni kidogo. Breki inakuwa ndefu. Mtu anayeshuka na mzigo kuelekea Mombo wakati wa manyunyu alifikirie hilo kwa uzito. Pia linanguruma, na linakula mafuta.

Kwa mchanga, baki na la barabarani au A/T lililochakaa kiasi. Lililochakaa kiasi kwa kweli ni bora.

Hatua ya tano: mawili au manne

Kama kirikuu yako inasukuma nyuma tu na fedha ni ya matairi mawili, weka nyuma. Huko ndiko nguvu iliko, na ndiko gari linakozungukia likiteleza. Mbele yasiwe vipara lakini, kwa kuwa mbele ndiko unakoamua gari liende wapi.

Kama ina 4WD ya kubonyeza swichi au kuvuta wenzo, nunua manne yanayofanana. Mfumo huo kwenye kirikuu nyingi unafunga mbele na nyuma vizunguke pamoja, bila kitu cha kugawa tofauti. Matairi ya mbele yakiwa makubwa kuliko ya nyuma, difu na shafti vinavutana kila mzunguko mpaka kimoja kinyanyue mikono. Ukinunua ya mtumba, chukua uzi, uzungushe kwenye uso wa kila tairi likiwa na upepo. Mzunguko wa 145R12 ni kama mita 1.70. Tofauti kati ya manne isizidi sentimita mbili. Kwa sababu hiyohiyo, usiweke 4WD kwenye lami kavu.

La akiba nalo liwe saizi hiyo. Mara nyingi lile lililoning'inia chini ya bodi ni la tangu Japani, halijaguswa miaka kumi na tano.

Hatua ya sita: dukani

Nenda asubuhi, kukiwa na mwanga wa jua, na uwe na kitambaa chenye maji. Matairi ya mtumba hupakwa dawa nyeusi ya kung'arisha, na chini yake kuna mengi. Futa.

Kisha tafuta vile vimatuta vidogo vilivyo chini ya mifereji, alama za kuisha, vyenye kimo cha milimita 1.6. Kila tairi halali la gari linavyo. Usipoviona, tairi limechongwa: fundi amechukua kisu cha moto na kukata mifereji upya kwenye mpira uliokwisha. Mifereji ya kuchongwa pia haina kina sawa, na kingo zake zina mikwaruzo. Chini ya hapo nyuzi ziko jirani kabisa, na tairi hilo litapasuka siku ya mzigo, si siku ya gari tupu. Usilinunue hata kwa ajili ya akiba.

Ingiza mkono ndani, zungusha polepole. Unatafuta viraka, unga wa mpira, na mstari uliochubuka unaozunguka ndani ya ubavu. Mstari huo unasema tairi liliwahi kuendeshwa bila upepo. Mdomo, ile kingo inayokaa kwenye rimu, usiwe umekatika na vyuma vya kufungulia.

Ukinunua pamoja na rimu, hakikisha ni ya matundu manne yaliyopangwa kwenye duara lenye kipenyo cha milimita 100, ambayo Carry na Hijet nyingi hutumia. Lakini nati si moja. Za Suzuki zina uzi wa 1.25, za Daihatsu 1.5. Nati ya Hijet ikilazimishwa kwenye boliti ya Carry itaingia mizunguko miwili kisha itakula uzi, na hapo utabadili boliti. Ianze kila nati kwa vidole.

Hatua ya saba: kufunga na upepo

Rimu zipigwe brashi ya chuma mpaka kutu yote itoke pale mdomo wa tairi unapokaa. Valvu ziwe mpya. Ni kitu kidogo na ndicho kinachovuja. Mafundi wengine, wakiona rimu imeota kutu, hukimbilia kuingiza tyubu. Kataa kama rimu inaweza kusafishwa. Tairi lisilo na tyubu likichomwa na mwiba linapumua taratibu, na unaliziba pancha kwa uzi wa mpira bila hata kulivua. Lenye tyubu linaisha upepo kwa pumzi moja.

Upepo uanze na kibandiko cha mlangoni kwa gari tupu au mzigo wa kawaida. Ukipakia kufikia ukomo, ongeza nyuma, ukielekea namba ya juu iliyoandikwa ubavuni bila kuizidi. Pima tairi likiwa baridi, kabla ya safari, kwa geji yako mwenyewe. Kila kituo cha upepo kina geji inayosema lake.

Kwa tope au mchanga, gari likiwa tupu au na mzigo mdogo, shusha hadi PSI 20. Kwa mchanga mrefu unaweza kufika 16. Tairi linalala, uso unaogusa ardhi unarefuka, na mara nyingi gari lililokuwa limegoma linatoka lenyewe. Mwendo uwe wa mtu anayekimbia, usikate kona kwa ghafla, mdomo usije ukatoka kwenye rimu. Ukirudi kwenye njia ngumu, jaza kabla ya kuongeza mwendo. Bila pampu ndani ya gari, usishushe. Na kwa mzigo mkubwa, usishushe kamwe: pakua kwanza, vuka, pakia upande wa pili. Inachosha. Lakini ubavu wa tairi laini chini ya tani moja unavunjika kwa ndani, nawe hutauona mpaka wiki ijayo.

Hatua ya nane: mwezi wa kwanza

Baada ya kilomita 50 hadi 100 za kwanza, kaza nati upya kwa mkono. Rangi na kutu vilivyobanwa chini yake huwa vimekaa, na nati hulegea. Wiki mbili baadaye, pitisha kiganja juu ya uso wa matairi ya mbele, kutoka nje kwenda ndani kisha kurudi. Kikihisi laini upande mmoja na makali upande mwingine kama msumeno, peleka alaimenti. Kwenye barabara zetu shimo moja linatosha kuiharibu, na tairi jipya la mbele linaweza kwisha upande mmoja kabla ya masika kwisha. Katikati ya tairi pakiisha mapema, upepo ulizidi. Pembeni zote mbili zikiisha, ulipungua. Badilishana mbele na nyuma kila kilomita 5,000 hadi 8,000. Usisubiri vimatuta vya milimita 1.6 kama unapita tope: kwa kazi hiyo, tairi la kina cha milimita 4 limeshazeeka, lihamishie kwenye gari la lami.

Kila jioni ng'oa mawe yaliyonasa kati ya meno kwa bisibisi. Jiwe lililobaki huchimba taratibu, siku hadi siku, mpaka lifike kwenye nyuzi.

Na kwa zile siku chache za masika ambazo hata bega kali halishiki, kwenye kile kipande cha kilomita mbili cha utelezi mwekundu, usiende kutafuta tairi lingine kubwa zaidi. Tafuta jozi ya minyororo ya matairi ya 145R12. Huja na magari kutoka Japani na wengi huitupa stoo bila kujua ni ya nini. Inavalishwa magurudumu ya nyuma kabla ya kupanda, si baada ya kukwama. Hakikisha haigusi bomba la breki, nenda taratibu, na uivue mara tu unapofika pakavu. Mimi yangu iko ndani ya kiroba nyuma ya kiti, pamoja na sepeto na kipande cha ubao cha kuwekea jeki isizame.